Mwongozo kamili wa kitenzi "guess": kinavyotamkwa, kinavyotumika na sehemu ambazo usikiguse

Hiki kitenzi cha Kiingereza, "guess", wengi tulifundishwa shuleni kwa neno moja tu, kukisia, ikaishia hapo. Alafu unakaa kuangalia sinema ya Kimarekani unasikia watu wanasema "I guess" kila baada ya sentensi mbili na wala hawakisii chochote, hamna kitendawili hamna mtihani, wanapiga stori tu. Vijana wanaichukua hivyo hivyo wanaibeba mpaka kwenye usaili na huko ndo inapowaumiza. Hapa Dodoma ishu hii ni ya kila siku kwa sababu Sekretarieti ya Ajira inaita watu toka mikoa yote waje kusailiwa, UDOM pale mlimani wanasoma na kujibu maswali kwa Kiingereza, na ukipanda juu kidogo mpaka Kondoa kuna wageni wanakuja kuona michoro ya miambani ya Kolo, ile ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, nao wanataka mtu wa kuwaeleza mambo kwa Kiingereza kilichonyooka.

Kabla hatujaanza hatua shika jambo moja, maana mengine yote yananing'inia hapo. "Guess" inapima uhakika. Ukiitamka unamwambia anayekusikiliza kwamba hapa sina ushahidi wa kutosha, nasema tu. Sasa "nadhani" yetu haiko hivyo siku zote, mara nyingi tunaisema kwa heshima tu hata kama jambo tunalijua vizuri, mtu anamwambia mkubwa wake "nadhani mzee ungepumzika kwanza" na hana shaka yoyote kichwani. Ukiichukua hiyo nadhani ya heshima ukaigeuza "I guess", heshima inabaki njiani na kinachofika kwa msikilizaji ni mashaka.

Hatua ya 1: Tamka vizuri

Ile herufi u haisomwi kabisa. Neno linatoka "ges", linaishia kwenye s bila irabu yoyote nyuma yake. Sisi midomo yetu imezoea kumalizia na irabu kwa hiyo inatoka "gesi", na gesi ni ile ya mtungi, kwa hiyo fanya mazoezi ya kukata pale kwenye s. Zamani Waingereza waliandika bila u, ilikuja kuongezwa baadaye kuonyesha kwamba g inasomwa ngumu kama kwenye "gari", na ndo maana utaikuta pia kwenye "guide" na "guest", zote u imekaa kimya.

Maumbo yake ni manne: "guess", "guesses", "guessed", "guessing". Hakuna umbo la ajabu la kukariri, lakini matamshi mawili yanasumbua. "Guesses" ina silabi mbili, "ge-siz". Na "guessed" ni silabi moja tu, "gest", ile -ed inasikika kama t. Nasikia watu wengi, hata walimu, wanasema "gesed" na siyo sahihi. Kukumbuka ni rahisi, "guessed" inatamkwa sawasawa kabisa na "guest", yaani ile gest ya gesti za kulala wageni zilizojaa Area C na Majengo. Sema hii sentensi mpaka ulimi uzoee: "Our guest guessed the price." Maneno mawili tofauti, sauti moja.

Hatua ya 2: Maana ya msingi, kutoa jibu bila kuwa na uhakika

Hii ndo ya shuleni. Una swali, huna jibu, unatoa linalokujia. Fomu ya kwanza ni "guess" ikifuatwa na nomino moja kwa moja: "Guess the price", kisia bei. "Can you guess my age?", unaweza kukisia umri wangu? Hapa hatuweki kihusishi chochote katikati.

Fomu ya pili ndo yenye shida kwa sisi Waswahili, pale "guess" inapofuatwa na neno la kuuliza. Tuseme umesimama kwenye shamba la zabibu Hombolo na mgeni, umebeba kreti, unataka akisie uzito. Wengi watasema "Guess how heavy is it", ni kosa. Inatakiwa "Guess how heavy it is". Swali likishaingia ndani ya sentensi nyingine linaacha kupangwa kama swali, mtenda anarudi mbele ya kitenzi kama sentensi ya kawaida. Kwa hiyo:

"Guess where I am." Kisia niko wapi.
"Guess what she bought at the market." Kisia kanunua nini sokoni.
"Guess how old this tree is." Kisia mti huu una umri gani.

Na ile "do" au "did" ya kuulizia inatoka kabisa, usiseme "Guess what did she buy". Hii kanuni haiko kwa "guess" peke yake, inaingia kwenye "I know", "tell me", "I wonder" na mengine mengi, kwa hiyo ukiikamata hapa umepona sehemu nyingi.

Fomu ya tatu ni "guess that", unakisia kwamba jambo fulani liko hivi: "I guessed that the road was closed." Hiyo "that" kwenye maongezi wanaiacha mara nyingi, "I guessed the road was closed", maana haibadiliki.

Fomu ya nne ni "guess at". Tofauti yake na "guess" kavu ni ndogo ila ipo, "guess at" inaonyesha uko mbali na jibu, unapapasa. "We can only guess at the reason", sababu yenyewe hatuwezi kuijua tunabaki kukisia tu. Muongozaji wa watalii pale Kolo akiulizwa mchoraji alikuwa anawaza nini wakati anachora yule twiga, sentensi nzuri kabisa ni "We can only guess at what the painter was thinking". Hiyo ni Kiingereza safi na ni jibu la ukweli pia.

Fomu ya tano ni "guess from", unataja kilichokupa dalili: "I guessed from his accent that he was from Mpwapwa", nilikisia kwa lafudhi yake. Hii itumie sana maana inaonyesha kwamba makisio yako yana msingi.

Ukipatia unasema "I guessed right", ukikosea "I guessed wrong". Unaweza pia kusema "correctly" kwenye maandishi rasmi.

Hatua ya 3: Kukisia na kupata

Hapa vitabu vingi vya shule vinapita haraka. "Guess" inaweza kubeba maana ya kwamba mtu kakisia na kapatia, bila hata kusema "right". Rafiki yako anakuangalia anasema "You got the job, didn't you?", wewe unacheka unamjibu "How did you guess?" Hapo humuulizi alitumia njia gani ya kukisia, unamwambia umejuaje! Ndo hivyo hivyo kwa "You guessed it", umepatia, ndo yenyewe. Na "I should have guessed", nilitakiwa nijue tangu mwanzo, dalili zote zilikuwepo sikuziona.

"You'll never guess" ni ndugu wa "huwezi amini" yetu. "You'll never guess who I met at Nyerere Square", huwezi amini nimekutana na nani pale Nyerere Square. Angalia tena mpangilio, "who I met", siyo "who did I meet".

Kwenye vitendawili sisi tuna utaratibu wetu mzuri, mtu anasema kitendawili, mnaitikia tega, mkishindwa anadai mji, mnampa Dodoma au Singida anaenda anakula anarudi na jibu. Kiingereza hakina mji wa kutoa. Ukishindwa unasema "I give up", basi unaambiwa jibu. Mtegaji akitaka uendelee kujaribu atasema "Guess again", na akikupa nafasi tatu atasema "I'll give you three guesses". Kama unafundisha watoto Kiingereza nyumbani anza na vitendawili, wasimulie vya kwao kwa Kiingereza chepesi, watatumia "guess" mara nyingi kwa jioni moja kuliko muhula mzima darasani.

Hatua ya 4: "I guess", hapa tulia

Hii ndo sehemu kubwa. "I guess" ya kwenye maongezi mara nyingi haina kukisia kwa maana ya jibu la swali. Ina kazi kama tatu hivi na zinaingiliana.

Kazi ya kwanza ni kusema jambo unaloliona linaelekea kuwa kweli lakini hujalithibitisha. Mtu anauliza bosi yuko wapi, unajibu "I guess he's at Mtumba today", nafikiri leo yuko Mtumba. Hujampigia simu, hujaangalia ratiba, unajua tu kwamba siku kama hizi huwa anaenda kule mji wa serikali. Matumizi haya hayana shida kati ya marafiki na wafanyakazi wenzako. Inaweza kukaa mwisho pia: "He's at Mtumba, I guess."

Kazi ya pili ni kukubali bila moyo. "Can we eat here?" "I guess so." Yaani haya basi, kama hamna namna. Hapa sauti ina kazi kubwa, wakiitamka kwa kuvuta wanamaanisha sitaki lakini sikatai. Ndo maana mgeni akikualika chakula cha jioni, "Would you like to join us?", ukimjibu "I guess so" umemkosea adabu bila kujua. Wewe kichwani ulikuwa unasema "nadhani sawa" kwa aibu nzuri ya Kiswahili, yeye kasikia "mh, haya". Jibu ni "Yes, I'd love to" au "Yes, thank you".

Kazi ya tatu ni kufunga maongezi au kutangaza uamuzi kwa upole. "I guess I'll go home now", basi ngoja niende nyumbani. "So I guess that's it", basi ndo imeisha hivyo. Hapa hamna shaka kabisa, ni ulaini tu, inafanana sana na "basi" yetu ya mwanzo wa sentensi.

Watu wengi wanaamini "I guess" ni uhuni wa Wamarekani. Siyo. Mshairi Mwingereza Chaucer, kwenye kazi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1300, anamwelezea kijana mmoja kwamba alikuwa na umri wa miaka ishirini, alafu anaongeza "I gesse", kwa tahajia ya wakati ule. Kwa hiyo usemi ulikuwepo Uingereza kabla Marekani haijawa nchi. Baadaye Waingereza wakaegemea zaidi "I suppose" na Wamarekani wakaendelea na "I guess" mpaka ikawa kama nembo yao. Ukiongea na Mwingereza "I suppose so" itamkaa masikioni vizuri zaidi, lakini zote mbili ana uhakika wa kuzielewa.

Sasa usaili. Hapa naomba usome taratibu. Msaili anauliza "Why should we hire you?" na kijana mzuri kabisa, mwenye vyeti na uwezo, anajibu "I guess I am hardworking". Kwa Kiswahili ni unyenyekevu, mtu hajisifii mbele ya wakubwa. Kwa Kiingereza kasema kwamba hata yeye mwenyewe hana uhakika kama ni mchapakazi. Sema "I am hardworking" na mara moja weka ushahidi, "In my field training I prepared the monthly reports on my own". Ukitaka ulaini tumia "I think" au "I believe", hizo zinabeba maoni yako na bado umesimama nyuma yake. Swali la muda ni hivyo hivyo, "Can you finish this by Friday?", ukijibu "I guess so" bosi anaanza kumtafuta mtu mwingine wa kumpa hiyo kazi. "Yes, I can" kama unaweza. "I think so, but let me check" kama kuna kitu unahitaji kuangalia kwanza.

Na kama swali la usaili hulijui kabisa? Usiseme "I guess the answer is" ukaanza kubahatisha. Unasema "I'm not certain, but I would expect" ukaeleza kwa nini. Wanaosaili wanataka kuona unavyofikiri, hilo "would expect" linawaonyesha, "guess" linawafungia mlango.

Kanuni nyingine muhimu ni kukanusha. Kiswahili tunasema "sidhani kama atakuja", tunakanusha kwenye kudhani. Kiingereza kwa "think" kinafanya vile vile, "I don't think he'll come". Lakini kwa "guess" haiendi, usiseme "I don't guess he'll come". Unakanusha upande wa pili: "I guess he won't come." Na hapo hapo angalia mtego wa "kama", wengi wanatafsiri neno kwa neno wanapata "I don't think if he'll come". Hiyo "if" haipo. Jibu fupi la kukataa ni "I guess not", la kukubali ni "I guess so". Hakuna "I guess yes" wala "I guess no" kwenye Kiingereza kinachokubalika, na hiyo "I guess yes" naisikia kila siku.

"I'm guessing" ipo, ni ya maongezi. "I'm guessing you're the new tenant", bila shaka wewe ndo mpangaji mpya. Inatumika ukiwa umeona dalili hapo hapo, mtu kasimama getini na godoro. "I'd guess" ni ya makadirio ya haraka yenye adabu zaidi, "I'd guess she's about thirty". Na swali linalopenda kuulizwa na maticha wakali, "Do you know, or are you just guessing?", unajua au unabahatisha?

Hatua ya 5: Ikiwa nomino

"A guess" ni makisio. Vitenzi vinavyoenda nayo ni "make", "take" na "have". Mmarekani atakwambia "Take a guess", Mwingereza "Have a guess", yote ni hebu kisia. Usiseme "do a guess" wala "give a guess".

Alafu kuna sifa zinazokaa nayo na hizi zinasaidia sana kwa sababu zinapima uhakika kwa undani. "A wild guess" ni ya kubahatisha kabisa, sisi tungesema kupiga ramli. "A lucky guess" ni ile iliyopatia kwa bahati. "A rough guess" ni makadirio ya juu juu. "An educated guess" haina uhusiano na vyeti, ni makisio ya mtu mwenye uzoefu na jambo. Mkulima wa Kongwa ambaye hajawahi kukanyaga chuo akiangalia upepo na mawingu ya Novemba akasema mvua zitaanza mapema Desemba, hiyo ni "educated guess" ya hali ya juu, kwa sababu huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu na yeye kautazama maisha yake yote, akikosea kupanda mtama wake unaungua. Angeweza kusema kwa Kiingereza "My best guess is that the rains will start in early December". "Best guess" hiyo ni nzuri hata ofisini, unakubali hujui kwa hakika lakini umefikiria kadri ulivyoweza.

Misemo miwili ya nomino hii inawachanganya watu. "Your guess is as good as mine", wengi wanadhani ni sifa, kwamba umekisia vizuri. Hapana. Maana yake ni hata mimi sijui kama wewe usivyojua. Unaulizwa daladala ya Nkuhungu itakuja saa ngapi, unajibu hivyo. Na "it's anybody's guess" ni hakuna ajuaye.

"Guesswork" ni kazi ya kubahatisha, haina wingi. "Guesstimate" imeunganishwa na "estimate", ni ya maongezi, usiiweke kwenye ripoti.

Hatua ya 6: Majirani zake, usiwachanganye

"Estimate" ina hesabu ndani. Dodoma inajengwa kila kona sasa hivi kwa hiyo mfano wa ujenzi wote tunauelewa. Fundi amepima kuta, amehesabu tofali, akasema mifuko ya saruji itafika mia moja, huyo ka-"estimate". Fundi amesimama barabarani anaangalia kiwanja akataja mia moja, huyo ka-"guess". Ukiandika kwenye barua kwa mteja mzungu "I guess we need 100 bags" atataka fundi mwingine, andika "We estimate".

"Assume" ni kuchukulia jambo ni kweli bila kuuliza, na mara nyingi hata hujajiuliza. "I assumed you had eaten", nilichukulia umeshakula. Kwenye "guess" unajua unakisia, kwenye "assume" pengine hujui.

"Suspect" ni kuhisi, na mara nyingi jambo baya. "I suspect someone opened my bag." Ukisema "I guess someone opened my bag" inakuwa nyepesi mno.

"Reckon" ni ya Waingereza na Waaustralia kwenye maongezi, iko juu kidogo ya "guess" kwa uhakika. Ukiisikia ielewe, kuitumia siyo lazima.

"Predict" na "forecast" ni kutabiri mbele, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa "forecast", haikisii. Na tukiwa hapo, "michezo ya kubahatisha" usiitafsiri "guessing games". Ile bodi ya serikali kwa Kiingereza inaitwa Gaming Board of Tanzania, na kuweka mkeka ni "to bet", kitendo kinachohusu hela. "A guessing game" ni mchezo wa watoto wa kukisia, au hali ambayo mtu anakuzungusha hasemi ukweli mpaka unabaki kubahatisha.

Hatua ya 7: Misemo inayobaki

"Guess what?" siyo swali la kujibu. Mtu akisema hivyo anaomba ruhusa ya kukupa habari, wewe jibu "What?" akupe. Ni kama mtu akikuuliza "unajua nini?".

"To keep someone guessing" ni kumwacha mtu hajui utafanya nini. Mwenye nyumba asiyesema kama atapandisha kodi au la, "He's keeping us guessing".

"Second-guess" ina maana tatu na wengi wanajua moja. Imetokea Marekani. Ya kwanza ni kukosoa uamuzi baada ya matokeo kujulikana, kila mtu anafanya hivi Dodoma Jiji ikifungwa pale Jamhuri, "It's easy to second-guess the coach after the match". Ya pili ni kujitilia shaka mwenyewe, "Stop second-guessing yourself", ulishaamua acha kurudi nyuma. Ya tatu ni kujaribu kukisia mwenzako atafanya nini kabla hajafanya, "I'm not going to second-guess what the judge will say". Muktadha ndo unakwambia ni ipi. Inaandikwa na kistari katikati na wakati uliopita ni "second-guessed".

Hatua ya 8: Jipime

Andika hizi kwa Kiingereza kwanza kwenye karatasi, kisha ndo ushuke chini kwenye majibu.

A. Kisia nimemuona nani stendi ya Nanenane.
B. Sidhani kama duka limefunguliwa.
C. Nilikisia kutokana na viatu vyake kwamba yeye ni askari.
D. Umejuaje kwamba leo ni siku yangu ya kuzaliwa?
E. Kwenye usaili: nadhani nafaa kwa kazi hii.
F. Treni itachelewa? Hata mimi sijui.
G. Hatuwezi kujua maana ya mchoro huu, tunakisia tu.
H. Acha kujitilia shaka.

A ni "Guess who I saw at the Nanenane bus station". Kama umeandika "who did I see" rudi hatua ya 2.

B ni "I don't think the shop is open". Ukitaka lazima "guess", basi "I guess the shop isn't open", na kama kwenye karatasi yako kuna "if" ifute.

C ni "I guessed from his shoes that he was a soldier". Kiswahili kinakubali "ni" hapo mwisho, Kiingereza kinarudisha kitenzi nyuma kikawa "was".

D ni "How did you guess it was my birthday today?" Ukiandika "How did you know" nayo ni sahihi kabisa.

E ni "I believe I am the right person for this job". Aliyeandika "I guess" arudi hatua ya 4 asome sehemu ya usaili yote upya.

F ni "Will the train be late? Your guess is as good as mine."

G ni "We can't know what this painting means, we can only guess". Inakubalika pia "we can only guess at its meaning", na mbele ya wageni pale Kolo hii ya pili inasikika vizuri zaidi.

H ni "Stop second-guessing yourself".